Silinda Niliyoitupa Pembeni

Jamani, hata sasa nikikumbuka natamani kujificha. Juzi Mzee Kapele wa Mpui aliniita nimtengenezee trekta lililokuwa likitoa moshi mzito. Alikuwa ameshanunua silinda moja mpya na pistoni yake.

"Ya pili ndiyo imelika, mwanangu. Badilisha hiyo tu."

Hiyo tu? Mimi, fundi niliyetoka Mbeya, na watu wametoka misa wananitazama?

"Mzee wangu, injini inashushwa yote!"

Nikafungua mpaka nati ya mwisho! Nikatoa silinda zote nne, nikaziosha kwa dizeli zikang'aa, nikazianika kwenye turubai watu wazione. Wakaziona, wakazishika, wakapokezana. Alama sikuwa nimeweka hata moja. Wakati wa kurudishia, ya pili nikaikisia, nikaitupa pembeni, nikaweka ile mpya.

Jioni trekta likanguruma! Kina mama wakapiga vigelegele, nami nikainua mikono kama mgombea aliyeshinda. Mara moshi uleule wa asubuhi ukatufunika.

Mzee akaokota silinda niliyoitupa pembeni, akaingiza kidole, akakizungusha taratibu.

"Fundi wa Mbeya," akaniuliza mbele ya wote, "mgonjwa umemwacha ndani. Huyu mzima umemtoa wa nini?"