Mama Pindo na Taa za Trela

Mtu akikwambia Mama Pindo ni mwoga, mkatalie. Mwanamke aliyelea watoto kwa cherehani moja, akazika mume, kisha akahamia kwenye trela aliloachiwa na marehemu, lile la kukokotwa na gari, huyo si mwoga. Ndani mna kitanda, jiko, meza ya kukunja na taa ndogo nne za betri darini. Humo ndimo anamoshonea, mapazia yameshushwa ili jua lisichujue nguo za watu. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake hulioni mpaka uoneshwe.

Lakini tangu mwezi uliopita uzi ulikuwa unamkatalia kuingia kwenye sindano. Kitambaa cheusi kwa uzi mweusi ndiyo kabisa, alikuwa anapapasa tu. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, akaishia kushikwa mkono hadi chooni. Basi akaamua moyoni kwamba zamu yake imefika, wala hakumwambia mtu. Angeweza kutoka nje na sindano yake akajaribu juani, mlango huo hapo, lakini hakuthubutu, maana nje angekosa cha kusingizia. Haya, kwa hilo nakubali, alikuwa mwoga.

Akampigia simu binti yake, akasema amechoka kushona, cherehani ije ichukuliwe kabla haijashika kutu. Binti akamtuma mumewe.

Mkwe alifika na adabu zake zote, akaamkia, akaulizia afya. Huyu ni mtu wa kutenda bila kutumwa. Mwezi uliopita, mama mkwe alipokuwa harusini, aliingia chini ya trela, akakwangua kutu yote, akakipaka chuma chake rangi, akaondoka bila kungoja asante. Mkwe wa namna hiyo utampata wapi? Sasa akainama kuishika cherehani, akasita.

"Mama, mbona humu giza? Taa zako zinafifia."

Mama Pindo akashika meza. "Na wewe unaliona?"

"Nani asiyeliona, mama?"

Akajitupa kitandani. Mkwe akadhani amemkosea, akatoka mbio kumwita Shoti, fundi umeme wa magari wa gereji ya jirani, aliyepewa jina hilo kwa sababu nywele zake zimesimama kama za mtu aliyepigwa na umeme. Shoti akapima betri: imejaa. Akabadilisha balbu moja, hakuna jipya. Ndipo akachukua waya mrefu, akaunga taa moja kwa moja na upande wa hasi wa betri, nayo ikawaka hadi Mama Pindo akafumba macho. Kumbe umeme ulikuwa unakwenda vizuri, tatizo lilikuwa njia ya kurudi. Njia hiyo ni waya uliofungwa kwa skrubu kwenye chuma cha chini ya trela, basi Shoti akajilaza chali akaenda kuutazama. Alitoka huko anacheka. Aliyepaka rangi, alisema, alifungua skrubu, akapaka vizuri mpaka mahali pake, kisha akaikaza juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme.

Mkwe alitamani ardhi ipasuke. Aibu gani hii, mbele ya mama mkwe! Shoti akarudi chini, akakwangua pale hadi chuma kikang'aa, akakaza skrubu, na taa zote nne zikawaka.

Mama Pindo hakuzitazama. Alichukua sindano na uzi mweusi. Mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili uzi ukapita. Akalia waziwazi mbele ya wanaume wawili, akamshukuru Mungu, akamshukuru Shoti, hata betri akaishukuru.

Mkwe akaanza kuomba radhi, Mama Pindo akamkatiza.

"Nyamaza, baba. Nilijua napofuka kama mama yangu. Usingesema kuna giza, leo ningekupa cherehani yangu na macho ninayo. Mwambie mke wako haiji."

Hakumruhusu kuondoka hivihivi. Mkono wa koti lake ulikuwa umefumuka begani, na ndiyo kwanza alikuwa ameuona. Akamwambia alivue. Lilikuwa koti jeusi. Akalishona kwa uzi mweusi, na mkwe alipolivaa akatafuta mahali palipofumuka, hakupaona.