Mama Cherehani na Mlango wa Mbele

Kisiwani mle watu walijuana kwa milango. Weupe wa kilimani waliingia mbele; weusi wa bondeni, hata wakiwa wamebeba keki ya harusi, waliingia jikoni. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kuivunja.

Mama Cherehani wa bondeni alikuwa akipita jikoni kwa Bwana Mkubwa tangu ujana wake, akiwashonea mapazia na magauni. Sasa binti yake amechumbiwa na kitindamimba wa nyumba hiyohiyo, na wazazi wameitwa wafahamiane. Akamwapia binti: "Wakiniingiza jikoni siku hiyo, ndoa haipo. Sitaki wajukuu watakaonionea haya."

Siku ikafika. Binti akatangulia na mchumba wake. Mama akavaa viatu vinavyombana, akapanda kilima huku akipanga maneno ya kusema, na alipozinduka alikuwa ameshasukuma mlango wa jikoni. Mazoea yana tabu. Hakuna aliyemwingiza; alijiingiza mwenyewe.

Ndani alikuwepo kikongwe mweusi ambaye nyumba nzima ilimwita Yaya, ameketi juu ya kigoda, kisu mkononi, anamenya vitunguu.

"We si mgeni leo? Umefuata nini huku?"

"Miguu, mama. Imezoea."

"Hata yangu ilizoea," akasema Yaya, macho kwenye kitunguu. "Nilizaa mtoto mmoja; baba yake alikuwa mweupe. Mtoto akamfuata baba kwa rangi, akasomeshwa, akaoa hukohuko. Siku mkewe alipoleta wageni, akaniomba nikae huku kidogo, mpaka waondoke."

"Mtoto gani?"

"Bwana Mkubwa. Mwingine nimtoe wapi?"

Mama Cherehani aliogopa, tena sana. Alijiona yeye juu ya kigoda kile, na kisu kile. Akamshika kikongwe mkono, wakaizunguka nyumba polepole, wakabisha hodi mbele.

Bwana Mkubwa alifungua mwenyewe. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Yaya, vitunguu vimeisha?"

"Mlisema wazazi wakutane," akasema Mama Cherehani. "Wa upande wetu ni mimi. Wa kwako nimemkuta jikoni."

Wakampita, wakaingia sebuleni. Aliyeinuka ni binti. "Shikamoo, bibi," akasema, akampisha kiti chake cha mahameli.

Kikongwe akaketi, kitunguu bado kiganjani. Akaupapasa mkono wa kiti.

"Kumbe ni laini," akasema. "Miaka yote nakipangusa vumbi tu."