Mnyororo Ufungwe Chini

Mwanangu, kaa kwanza, huo ufunguo wa trekta hautakimbia. Nakumbuka Ijumaa moja ya masika kule Mbweni, enzi nyumba zilikuwa za kuhesabu na barabara matope matupu. Mie nilikuwa kijana kama wewe, mbishi kama wewe, tena nina suruali mpya.

Suruali hiyo ndiyo iliyotaka kuniua. Unacheka? Cheka, lakini sikiliza.

Jioni ile nilikuwa niende Mwenge kujitambulisha kwa wazazi wa huyu mama yenu. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, na nilishaambiwa kwamba humtazama mgeni kuanzia miguuni. Basi nikanunua suruali ya rangi ya maziwa, nikaipiga pasi mpaka ukingo unakata nyanya, nikaenda nimeivaa kazini ili nikitoka nipitilize. Ujana nao, jamani!

Nilikuwaga naendesha trekta la kukodi chini ya Mzee Issa, fundi aliyenifundisha kazi yote. Mchana ule alikwenda kuswali. Kabla hajaondoka aliniambia, kama alivyoniambia kila siku, "Ukivuta kitu, mnyororo funga chini. Juu usifunge hata siku moja." Nikajibu "Ndiyo, mzee," na akili yangu iko Mwenge.

Hakukupita muda, akaja mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akijenga pale jirani, anahema. Lori lililomletea saruji kutoka kiwanda cha Wazo limezama mpaka ekseli, turubai limechanika, na wingu la mvua hilo linakuja.

"Kaka yangu, nisaidie. Saruji ikilowa, nimekwisha."

Nilimwonea huruma, sikufichi. Nikawasha trekta.

Sasa nielewe hapa. Trekta lina chuma cha kuvutia huko nyuma, chini kabisa, chini ya usawa wa ekseli. Kufunga mnyororo pale, sharti upige magoti. Na siku ile tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Nikalitazama tope, nikaitazama suruali. Juu ya kile chuma, usawa wa kiuno changu, kuna tundu linaloshikilia jembe. Nikajiambia, mnyororo ni mnyororo tu. Nikaupachika pale juu nimesimama wima, msafi kama bwana harusi.

Na watu wetu unawajua. Gari likikwama, mtaa mzima unageuka madereva. "Kanyaga, braza! Kanyaga mafuta!" Nami kichwa kikavimba. Nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi kwa pupa.

Lori halikusogea hata kidogo. Magurudumu ya nyuma yakashika ardhi, na nguvu ile, ikikosa pa kwenda, ikainua pua ya trekta. Magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, nikaona mawingu mahali pa barabara. Lile trekta lilikuwa wazi, halina hata fremu ya kumkinga dereva. Likimalizia kupinduka, chuma chote kile kinanilalia kifuani. Sikuomba wala sikupiga kelele. Mguu wa kushoto tu ndio uliokumbuka somo jingine la mzee, ukakandamiza klachi. Trekta likarudi chini kwa kishindo, likazima, nami nimeng'ang'ania usukani.

 Yule mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Ndipo nikamwona Mzee Issa. Ametoka msikitini na ameona yote. Nikangoja matusi, wala hakunitukana. Alikuja na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akapiga magoti kwenye lile tope, akaufungua mnyororo kule juu na kuanza kuufunga chini. Kanzu ikageuka rangi mpaka mikononi.

"Mzee, niachie mie," nikasema, machozi yananilenga.

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Mdogo wangu naye alifungia juu. Tulipomvua suruali tumwoshe, ilikuwa safi."

 Nikapiga magoti pembeni yake, tukafunga pamoja. Kisha mzee akawaambia wale madereva wa mdomo washushe mifuko mingi ya saruji na kuiingiza ndani ya nyumba ya mwalimu, wachimbe tope mbele ya magurudumu ya lori, halafu wasimame mbali, maana mnyororo ukikatika unapiga mtu. Nikaweka gia ya kwanza, nikaukaza mnyororo polepole, na lori likatoka kabla ya tone la kwanza la mvua.

Mwenge nilifika magoti meusi. Baba mkwe alinitazama kuanzia miguuni, akafika magotini, akakomea hapo. Nikamweleza ukweli wote, hata ule upumbavu wangu. Akasema, "Matope yatatoka. Karibu ndani."

Kwa hiyo, mwanangu, watu wakikuambia ajali haina kinga, ya namna hii inayo, nayo iko kwenye magoti yako. Funga chini, hata kama pananuka, hata kama unachekwa. Vuta taratibu, mwenda pole hajikwai, na mguu wa kushoto uwe tayari; pua ya trekta ikianza kuwa nyepesi, kandamiza klachi, usibishane nayo. Ukipewa trekta lenye fremu, funga mkanda. Na kitu kikikataa, acha, chimba kwanza au ita mashine kubwa zaidi, si aibu. Hao wanaopiga kelele "kanyaga" hawatakuwa chini yako likipinduka. Mie mwenyewe nilimjibu mzee "ndiyo" kila siku, na bado nikafungia juu, kwa hiyo sikulaumu, nakuogopea tu.

Haya, chukua ufunguo. Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akurudishe nyumbani kila jioni kwa miguu yako mwenyewe, mchafu hivyo hivyo, umkute anayekungoja mlangoni. Amina.