Darasa la Ndoa Lisilo na Kifungu

Nimechoka jamani. Miaka yote hii nafundisha maharusi kwenye chumba cha nyuma ya msikiti wetu, hapa mtaa wa Pipeline, madarasa manne kabla ya nikahi, na hakukosi mjanja wa kuniuliza sheria iko wapi.

Safari hii alikuwa fundi wa simu. Alikuja na mchumba wake, msichana wa Ukambani aliyesilimu juzijuzi, mpole, wa kusalimia kwa mikono miwili. Hata sijaketi vizuri, kijana akainua simu. "Mama, nimesoma Sheria ya Ndoa yote. Hii ushauri nasaha haiko."

Na hakusema uongo, ndiyo uchungu wangu. Niliwahi kwenda kwa kadhi kuuliza, nikakalia benchi hadi adhuhuri. Karani akanieleza: Katiba inampa kadhi mambo ya ndoa na talaka zetu. Serikali inataka ndoa isajiliwe, lakini kuifunga inatuachia wenyewe, kwa sharia ya Kiislamu. Nayo inataka walii, mashahidi, mahari, mmoja aoze na mwingine akubali. Darasa je? "Hiyo ni nasaha tu, mama. Huwezi kumlazimisha mtu."

"Basi tuonane Ijumaa kwenye nikahi," kijana alisema, akamwashiria mwenzake. Msichana akanitazama, akainuka. Ningeweza hata kumvuta kando dakika tano. Sikufanya. Nguvu za kubishana zilikuwa zimeniisha, na hilo sijajisamehe.

Ijumaa baba wa msichana hakuja. Ni Mkristo, hangekuwa walii wa kumwoza binti Mwislamu, kwa hivyo imamu alisimama badala yake kwa idhini ya kadhi. Mimi nilikuwa uani napakua pilau. Nilisimuliwa baadaye kwamba bibi harusi alipoulizwa mahari, alijibu, "Hayo ni ya baba. Mimi sina neno." Kwao Ukambani mahari hupelekewa wazazi, wazee wakapatana. Waliomsikia wakaona ameridhika, ukaandikwa kuwa mahari msahafu mmoja alioutaja bwana harusi, wakaomba dua.

Bibi harusi alinifuata uani na vazi lake jeupe. "Mama, mahari ya baba itapelekwa lini?"

Loo! Hilo ndilo somo langu la kwanza kabisa. "Mahari ni yako, mwanangu," nikamwambia. "Si ya baba. Wewe ndiye ungetaja unachotaka."



"Kumbe ningeitisha cherehani," akasema. "Niache kushonea watu kwa mkono."