Saa Hamsini na Tano za Kungoja Mwezi

Jumanne, tarehe 19 Julai 1625, saa tatu kamili asubuhi, Audry Thirkettle alimwonyesha kinyozi kwapa la mumewe. Tangu hapo hadi Alhamisi saa kumi alasiri zilipita saa hamsini na tano, na katika saa hizo zote jipu la tauni liliendelea kuvimba bila kuguswa na kisu.

Katika mji wa Aldersham kinyozi ndiye aliyenyoa, aliyetoa damu na aliyepasua majipu. Kinyozi huyo, Bwana Clabburn, alisimama nje ya dirisha, sifongo yenye siki puani, kalenda ya nyota mkononi.

"Mwezi umo kwenye nyota za Mapacha, mama, na mikono na mabega ni ya Mapacha. Nikitia chuma leo, namuua."

"Na usipotia?"

"Subiri Alhamisi, saa kumi. Utakuwa umetoka."

"Basi iambie na tauni isubiri. Labda wewe itakusikiliza."

Audry alisubiri, kwa kuwa Jasper aliiamini kalenda ile kuliko alivyomwamini mkewe. Alioka kitunguu, akakibandika kwapani kivute sumu; kilipopoa, akaoka kingine. Alioka kumi na vinne. Jasper, aliyezoea kushinda kwenye kitanda chake cha kufumia nguo, sasa hakuweza hata kunyanyua kikombe. Aliuliza saa tu.

Alhamisi Clabburn alifika kwa wakati, jambo lililozidi kumkera Audry. Akachungulia, akafunua kalenda.

"Uvimbe umeshuka kifuani."

"Umeshuka tukikungoja wewe."

"Mwezi nao umeingia Kaa, na kifua ni cha Kaa. Hadi Jumamosi jioni, mama."

"Na Jumamosi utaniambia tumbo ni la nani?"

"La Mashuke," alimjibu kwa upole. "Moyo ndio wa Simba."

Audry alifunga dirisha. Akachukua mkasi wa kukatia nyuzi, akaupitisha motoni.

"Usithubutu, mke wangu. Saa ni mbaya."

"Uma shuka, Jasper, unyamaze."

Usaha ulijaa bakuli. Ijumaa homa ilishuka, na Jasper akaomba mchuzi.

Julai ya mwaka uliofuata, chama cha vinyozi wa mji kilimwita Audry ajibu shtaka la kupasua jipu bila kibali. Shahidi wao alikuwa mmoja tu, Jasper. Aliulizwa siku na saa aliyopasuliwa, akazitaja bila kukosea.