Samaki wa Mwanafunzi

Mwalimu wetu wa kuvua mtoni huongea kwa kunong'ona, eti samaki wana masikio, ilhali ndoano alizochomeka kwenye kofia zinalia kama njuga. Mwanafunzi akinasa samaki, yeye hushika kifua. "Ndugu yangu, mto huu haujawahi kutoa samaki kama huyu." Humpiga picha, kisha humrudisha majini, kwani mvuvi muungwana haui. Wiki jana aliniambia mimi maneno hayohayo. Leo nimemleta shemeji, naye kanasa wake: mkubwa, mdomo umechanika upande wa kushoto, kama wangu. Nikanyamaza, maana picha yangu imetundikwa sebuleni. Mwalimu akainama kumwachia samaki, akamnong'oneza, "Pole, mzee. Kesho tuna wageni wawili tu."