Nyimbo za Mapenzi Mbele ya Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakipata likizo huenda Salala, kule kusini, kutafuta mvua na ubaridi. Mimi huhamia chumba cha pili. Kwa hiyo duka la vifaa vya ujenzi nilimokuwa nikiuza lilipofungwa, nilihuzunika kama inavyotakiwa, lakini moyoni nilijiona nimepandishwa cheo. Furaha yenyewe haikufika mbali. Mwaka huohuo figo za mama mkwe wangu, anayekaa nasi hapa Jalan Bani Bu Hassan, zilimshinda. Mashine za kuosha damu za karibu zilikuwa zimejaa watu, ikabidi apelekwe mjini Sur mara tatu kwa wiki. Mke wangu anasomesha. Asiye na kazi nani? Khalas, yamekwisha, nikawa dereva.

Kilichonishikilia ni taarab za zamani nilizozirundika kwenye simu. Si nyimbo za hekima. Ni watu wazima wanaolia kwa mapenzi kama watoto walionyang'anywa andazi. Niliyoipenda kuliko zote ni ya bwana mmoja anayesimama chini ya dirisha la mwanamke akiomba afunguliwe, beti baada ya beti, na fidla zinamsaidia kulia. Siku nilizochoka hata chai nikaiona mzigo, bwana huyo alinitosha. Nilijiambia: ala, kumbe yuko aliye hoi kuliko mimi.

Lakini nyimbo kama hizo huziwashi mbele ya mkwe. Mimi na mama tuliishi kwa kukohoa: siingii alipo mpaka nikohoe, naye akisikia kikohozi anavuta mtandio. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, alhamdulillahi, basi. Kumsikilizisha mwanamume anayetaka kufunguliwa dirisha ingekuwa sawa na mimi kupita sebuleni na taulo. Kwa hiyo yeye nyuma, mimi mbele, njia nzima tunasikiliza kiyoyozi. Nyimbo zangu nilizisikiliza peke yangu kwenye maegesho ya hospitali, wakati yeye yumo kwenye mashine.

Kisha akachoka. Asubuhi moja alimwambia mke wangu haendi tena. "Nimechoka kutobolewa, mwanangu. Niacheni nipumzike." Daktari alikwishatuambia kwamba akianza kuruka siku, maji yatampanda kifuani na tutampoteza. Mke wangu akalia, akabembeleza, akawapigia simu kaka zake Maskati, nao wakabembeleza. Siku ile alikwenda. Iliyofuata akakataa kabisa.

"Sema naye wewe," mke wangu akaniambia.

"Niseme nini? Mimi na mama yako hatujapata kuzungumza zaidi ya joto."

"Mwanamume mzima! Kwa kulala tu ndiyo hodari."

Usingizi huohuo ndio ulioniokoa. Safari nyingine, alipokubali kwa shingo upande, nililala garini pale maegeshoni, vioo nimevishusha, bwana wa dirishani analia kwa sauti yote. Niliamshwa na nesi akigonga mlango. Mama yuko kando yake kwenye kiti cha magurudumu. Nikairukia simu niizime, nikaongeza sauti.

"Wacha," akasema mama.

Nikamsaidia kuingia nyuma, macho yangu kwenye viatu vyangu. Tukatoka Sur na wimbo wetu. Ubeti wa mwisho ulipokaribia nikamsikia: "Huyu naye! Kutwa analilia dirisha, mlango hajaugonga hata mara moja."

Nikamtetea bwana wangu. "Labda anaona haya, mama."

"Haya! Babake mkeo naye alikuwa na haya. Unadhani huyo mkeo nilimwokota?"

Nusura nimgonge ngamia. Kule nyuma mama alikuwa anacheka, kicheko chembamba cha mtu aliyeishiwa na nguvu, lakini kicheko. "Ianze tena," akasema.

Alipoutaka wimbo ule nyumbani, nilikohoa nikamwambia hizi ni nyimbo za garini tu, nyumbani kuna watoto.

"Na gari linakwenda wapi?"

"Sur, mama."

Akanitazama usoni sawasawa, nadhani mara ya kwanza tangu nipose. "Unanihonga wewe."

"Ndiyo, mama."

Basi akawa anakwenda. Hasara ikawa yangu. Aliutaka wimbo uleule kwenda na kurudi, akaimba juu yake, akanionesha wapi mpiga fidla kakosea, akamtukana yule bwana kwa uvivu. Nyimbo zangu zote zikaanza kunuka dawa za hospitali. Siku hizi nikiwa peke yangu maegeshoni huizima simu nikakaa kimya. Starehe yangu nilimpa, naye hakunibakishia.

Tena hata rushwa huzoeleka. Juzi asubuhi nilikohoa mlangoni, mtandio hakuuvuta. Alikuwa amelala, uso ukutani. Mke wangu kasimama na mkoba wa dawa, macho yameshavimba.

"Mama, gari tayari. Nyimbo zipo."

"Leo sina hamu hata ya nyimbo, mwanangu. Nenda zako ukalale."

Kulala ninakujua. Lakini nilikaa chini, sakafuni, karibu kabisa na kitanda chake, mahali ambapo mkwe hakai, nikaanza kuimba. Mimi mwenyewe, kwa sauti ambayo hata bafuni siitumii. Nikalilia dirisha, nikasahau ubeti wa pili, nikarudia wa kwanza. Mke wangu kaziba mdomo, sijui analia, sijui anacheka. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoona aibu, nikaendelea, na fidla nikaitia kwa pua.

Mama akageuka polepole.

"Ya Rabbi," akasema, "bora mashine."

Akanyoosha mkono tumwinue. Tuliondoka tumechelewa, naye akalala njia nzima mpaka Sur.